Lugha ya Hati za Mauziano ya Magari Yaliyotumika

Maswali mengi tunayoletewa na wafasiri na walimu kuhusu lugha ya magari ni ya namna moja: kifaa fulani kiitweje kwa Kiswahili? Mmoja ataka neno la kuchukua mahali pa difu; mwingine halipendi neno giaboksi, na angefurahi tukimwundia jingine lenye sura ya Kibantu. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, ingawa si baya, limetushughulisha kupita kiasi. Majina ya vifaa yamekwisha kupatikana. Mafundi waliyapata bila kutungojea. Upungufu uliopo, nao unawagharimu watu fedha, umo katika maneno ya mapatano yenyewe, yaani maneno yaandikwayo katika hati baada ya gari kukaguliwa na bei kukatwa.

Tumependa kuitazama biashara hii kutokea Kiwangwa, katika Wilaya ya Bagamoyo. Kiwangwa ni mahali pa mananasi, kando ya barabara ya lami ya kilometa 64 itokayo Bagamoyo kupitia Makofia hadi Msata. Nanasi lililoiva halingoji mtu, na mkulima asiye na chombo chake humwuzia mwenye chombo kwa bei ya mwenye chombo. Kwa hiyo mkulima akipata fedha za msimu, jambo la kwanza linalomjia ni gari: kirikuu, kama watu walivyoliita gari dogo la mizigo la Suzuki Carry, au kenta ikiwa fedha zinatosha. Jipya la kiwandani haliwezi. Atakwenda kwenye yadi za Dar es Salaam, ambako magari mengi yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko, au atanunua kwa mtu aliyekwisha kulitumia hapa nchini. Hati tulizozisoma, ambazo wakulima wa huko walizitia saini, ndizo zilizotusukuma kuandika.

Tumsikilize kwanza fundi. Mnunuzi mwenye busara haendi yadi peke yake. Huongozana na fundi anayemwamini. Fundi hutaka injini iwashwe ikiwa baridi, maana iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Kabla ya hapo huchomoa kijiti cha oili na kuitazama rangi: ikiwa oili imegeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia, na huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Kisha huutazama moshi. Wa buluu ni oili inayoungua; mweusi ni mafuta yanayozidi; mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto ni maji yapenyayo ndani ya silinda. Hukandamiza gari pembeni kuzijaribu shokapu, huinama kutafuta kutu, na hulinganisha namba ya chasisi na ile iliyo katika kadi. Mwisho huliendesha mwenyewe, akisikiliza klachi, giaboksi na bushi.

Katika kazi hiyo yote hakuna neno lililompungukia. Mengi ni ya mkopo, lakini mkopo huo umekwisha kulipwa zamani: maneno yana ngeli, yana wingi, na kijana wa gereji huyatumia bila kujua yalitoka wapi. Jambo la pekee tungependa wafasiri wa ofisini walijue ni kwamba fundi hutumia pia maneno ya Kiswahili cha kawaida kwa maana ya kazi yake. Akisema injini "haijafunguliwa" au "haijaguswa", anaisifu: ina maana haijapata kubomolewa na kuundwa upya. Tumeiona hati moja ambamo sifa hiyo iligeuzwa kuwa "injini haijawahi kufanyiwa matengenezo". Mwandishi alidhani anasema jambo lile lile kwa lugha ya heshima, kumbe ameandika kwamba gari limetelekezwa.

Sasa tuje kwenye bei. Majadiliano ya bei ya gari lililotumika si mchezo wa kubembelezana tu, kama wageni wanavyofikiri. Ni majadiliano juu ya kasoro. Mnunuzi husema, "Kaka, shokapu za mbele zimekwisha, na taili hizi mbili hazifiki Msata." Muuzaji hujibu, "Sawa, kwa hizo toa laki tatu, lakini kwenye injini usinipunguze, injini ni nzima." Katika maneno hayo machache mengi yameafikiwa. Shokapu na taili zimejulikana na zimelipiwa kwa punguzo. Mnunuzi hawezi kuzilalamikia tena. Injini nayo imetamkwa kuwa nzima, na bei yake ikabaki juu kwa sababu hiyo. Hayo ndiyo mapatano.

Na hati husemaje? Karibu zote husema hivi, kwa tofauti ndogo: "Mnunuzi amelikagua gari, ameridhika nalo, na amelinunua kama lilivyo." Shokapu hazimo, wala taili, wala ile injini iliyotamkwa kuwa nzima. Maafikiano ya saa mbili yamefutwa kwa sentensi moja.

Sentensi hiyo yastahili kuchunguzwa neno kwa neno, kwa sababu kila neno lina uzito ambao mtiaji saini haujui. Tuanze na "amelikagua". Katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo misingi yake ilitoka katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za namna fulani huchukuliwa, kwa ufupi, kuwa ameahidi kwamba bidhaa yake inafaa kuuzwa. Lakini mnunuzi akiisha kuichunguza, ahadi hiyo haigusi kasoro ambazo uchunguzi huo ulipaswa kuzifichua. Basi "kukagua" si neno la adabu. Mkulima aliyelizunguka gari mara mbili na kupiga taili teke amelitazama. Aliyeletewa fundi akafungua boneti na kuliendesha amelikagua. Hati zinawaandika wote wawili kwa kitenzi kimoja. Twapendekeza "kutazama" kubaki kwa macho tu, "kukagua" kuwe kwa uchunguzi wa mtu mwenye ujuzi, na "kujaribu" kuwe kwa kuliendesha. Na hati iseme ni lipi kati ya hayo lililofanyika, na nani alilifanya.

"Kama lilivyo" ni tafsiri ya msemo wa kisheria wa Kiingereza unaokusudiwa kuziondoa zile ahadi ambazo sheria ingemwekea muuzaji. Kwa Kiswahili msemo huu hausikiki hivyo. Mzungumzaji wa Kiswahili akiambiwa "lichukue kama lilivyo" huelewa kwamba hataongezewa spea taili wala kupigiwa rangi. Haelewi kwamba amekubali hata ubovu uliofichwa. Tafsiri imehamisha maneno ikaiacha maana ng'ambo. Ikiwa muuzaji anakusudia kutowajibika kwa kasoro yoyote, na aandike hivyo: "Muuzaji hatawajibika kwa kasoro yoyote, ya wazi au iliyofichika." Baadhi ya wauzaji hawatapenda uwazi huo, kwa kuwa mnunuzi ataacha kutia saini, lakini hilo si tatizo la istilahi.

Hapa twapenda kukumbusha jambo ambalo wasomaji wa pwani huenda walilisoma chuoni. Katika fikihi ya Kiislamu, mnunuzi aliyegundua aibu iliyokuwamo katika kitu kabla ya kukinunua, naye hakuijua, ana hiari ya kukirudisha au kubaki nacho. Aibu na hiari: maneno yote mawili tunayo, lakini la kwanza limekwenda kwenye fedheha na la pili kwenye kujitolea. Hatupendekezi yarudishwe kwa nguvu, maana msomaji wa leo atacheka akiambiwa gari lake lina aibu. Hata hivyo, fikra ile ya kasoro iliyofichika si ngeni kwetu, na asitokee wa kudai kwamba Kiswahili hakina pa kuiweka. "Kasoro ya wazi" na "kasoro iliyofichika" yatosha. "Hitilafu" tungeliacha kwa kifaa kilichoacha kufanya kazi yake, na "uchakavu" kwa kile kilicholika kwa matumizi tu.

Neno linaloleta ugomvi kuliko yote ni "dhamana". Mtu mmoja wa Kiwangwa aliuziwa gari kwa "dhamana ya injini ya wiki mbili". Siku ya tisa gasketi iliungua, na mananasi yakabaki shambani. Yeye alielewa kwamba atarudishiwa fedha zake. Muuzaji alielewa kwamba atatoa fundi, na vipuri atanunua mwenye gari. Kila mmoja alikuwa na neno lile lile mkononi. Wala si ajabu, kwani polisi dhamana humtoa mtu mahabusi, benki dhamana ni shamba au nyumba iwekwayo kwa ajili ya mkopo, serikalini waziri amepewa dhamana ya wizara, na dukani dhamana ni ahadi ya muuzaji juu ya redio. Sheria tuliyoitaja inatofautisha ahadi za namna mbili: ile ambayo ikivunjwa mnunuzi aweza kuukataa mkataba na kuirudisha bidhaa, na ile ambayo ikivunjwa aweza kudai fidia tu. Ya kwanza yafaa kuitwa "sharti". Ya pili ndiyo wafasiri wanayoiita dhamana, na mara nyingine hata ya kwanza huiita hivyo hivyo.

Wapo wenzetu wanaopendekeza "hakikisho", nasi hatulipingi katika maandishi ya sheria. Lakini katika hati ya mkulima tunaona istilahi mpya haitaponya ugonjwa huu. Afadhali kusema kinachoahidiwa: "ahadi ya kutengeneza bila malipo ya ufundi wala vipuri", au "ahadi ya kurudisha bei". Ni maneno mengi, lakini hayana mlango wa nyuma.

Kuhusu sharti, tunalo jambo dogo ambalo lingechekesha kama lisingeandikwa katika karatasi zenye mihuri. Kiingereza kina neno moja kwa hali ya kitu na kwa sharti la mkataba. Matokeo yake tumeisoma fomu yenye kichwa "Masharti ya Gari", na chini yake mtu amejaza "mazuri". Tumesoma pia "hali za mkataba huu ni kama zifuatazo". Kosa hili halimtokei mtu anayefikiri kwa Kiswahili. Humtokea anayefungua kamusi kwenye neno na kushika maana ya kwanza aliyoikuta.

Malipo ya kutanguliza nayo yana matata yake. Mitaani watu husema kwa utani "kishika uchumba", na utani huo una akili, kwani wasema wazi kwamba ndoa haijafungwa. Pwani lipo neno "arbuni", lenye asili ya Kiarabu, kwa fedha itolewayo ili kitu kisiuzwe kwa mwingine. Hati zimeyaacha yote mawili zikachukua "malipo ya awali", ambayo hayasemi lolote juu ya swali kuu: mnunuzi akighairi, fedha hurudi au hairudi? Twapendekeza "arbuni" kwa fedha ya kushikia kitu, na hati itaje kama inapotea, na "malipo ya kwanza" kwa sehemu ya bei. Tunajua litasemwa kwamba "arbuni" lafanana mno na "rubuni", yaani kulaghai. Lafanana, nasi tungelichukua hata hivyo.

Yamebaki maneno machache ya umri na safari ya gari. Hati huandika "gari lililotumika" kwa yote, hali wanunuzi hutenga "gari la mkononi", lililonunuliwa kwa mtu hapa nchini, na lile lililotumika ng'ambo tu, ambalo mara nyingi huliita "jipya". Tofauti hiyo haifai kupotea, hasa kwa kuwa zile ahadi za sheria humhusu mwenye kazi ya kuuza magari, na si jirani anayeuza lake moja. Kadhalika wauzaji husema gari ni la "namba D" au "namba E", kwa herufi inayoanza kundi la mwisho katika kibao. Herufi hiyo yaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, na haituambii lilitengenezwa mwaka gani. Gari kongwe laweza kuwa na namba changa. Fomu itenge mistari miwili.

Na kile kifaa kinachohesabu kilometa? Wengine hukiita "kipimamwendo" pamoja na kile cha kasi, kwa kuwa mwendo ni wepesi na mwendo ni safari pia. Katika gari lililotumika kifaa hiki ndicho kinachochezewa, maana hesabu yake huweza kurudishwa nyuma. Tungependa "kipimakasi" kwa kimoja na "kihesabu kilometa" kwa kingine, na hati iandike "kilometa zilizosomeka" badala ya "kilometa zilizotembewa", kwa sababu hizo ndizo pekee ambazo pande zote mbili zimeziona.

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, hati za namna hii zitasomwa mbele ya hakimu kwa lugha ile ile zilimoandikwa. Wafasiri walio wilayani wanaombwa kutuletea nakala za fomu zinazotumika kwao, majina ya wahusika yakiwa yamefutwa. Tunahitaji hasa zile ambazo juu yake mtu ameongeza jambo kwa kalamu, pembeni, baada ya fomu kuchapwa.