Mtafute Nyuki Asiyesogea

Mwishoni mwa Agosti, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mashamba yaliyoachwa hugeuka manjano kwa maua ya Solidago. Nyuki, nyigu na mbawakawa hujazana humo, na mpigapicha mgeni hukimbizana na kila anayeruka. Mzoefu humtafuta nyuki aliyetulia.

Nyuki mzima hatulii hivyo juani. Ukimwona amening'inia upande, hashtuki hata kivuli chako kikimpitia, chungulia chini yake. Huenda ukamkuta Phymata, mdudu wa kama sentimita moja, manjano na kahawia kama maua aliyojifichamo, miguu ya mbele minene kama mikono ya mpiga makasia. Yeye hafukuzi windo. Hungoja litue, hulidaka, hulichoma kwa mdomo wake wa sindano, kisha hulifyonza taratibu. Mlo huo ndio unaompa mpigapicha nafasi.

Nafasi hiyo haitoshi bila hesabu. Lenzi ya makro ikimchora mdudu kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, sehemu inayotoka kali ni kama milimita moja tu kwenda ndani, hata ukiweka f/11 kwenye kamera ya fremu kamili. Wengi hapo hubana tundu la lenzi hadi f/22, na matokeo ni picha nzima kulegea, maana mwanga hutawanyika unapopita kwenye tundu dogo. Dawa ni pembe. Zungusha kamera mpaka sensa iwe sambamba na ubavu wa mdudu, ili jicho lake, mguu wa mbele na mdomo uliozama kwenye nyuki vikae kwenye bapa moja. Acha kulenga kwa otomatiki. Egemeza kiwiko gotini, usogee mbele na nyuma kidogo kidogo.

Upepo hudhibitiwa kwa flashi ya nguvu ndogo, ambayo mmweko wake ni mfupi mno, iliyofunikwa kitambaa cheupe. Ila flashi peke yake huleta nyuma nyeusi tititi, usiku wa uongo saa sita mchana. Pandisha ISO, maua ya nyuma yarudi.

Wakati mwingine jike hula huku dume, mdogo na mweusi zaidi, yuko mgongoni mwake. Milimita moja haiwatoshi wote. Mimi humlenga jike, maana mdomo ulio kwenye windo ni wake.