Hisabati ya Mawimbi Juu ya Mawimbi

Mwenye kuitazama bahari iliyo baina ya Unguja na Mrima aghalabu hudhani kwamba kuyavusha mawimbi ya simu ni kazi nyepesi, maadamu hapana mlima wala jengo la kuyazuia. Na dhana hiyo ndiyo iliyoificha fani ya mafundi wakadiriao, kabla mnara haujasimamishwa, simu itashika mtandao hadi wapi.

Kanuni yao mashuhuri ya makadirio hayo, aliyoitunga Hata mwaka 1980, ilitokana na vipimo alivyovifanya Okumura Tokyo na viungani mwake, na aichukuaye baharini bila kuichuja hupotoka. Huku kizuizi cha kwanza ni uviringo wa dunia. Hewa ikiwa katika hali yake ya kawaida, mnara wa mita 64 huonana na simu ya mvuvi aliyeketi ngalawani, mita 1 juu ya maji, kwa masafa ya kilomita 37 hivi. Abiria aliyesimama kwenye sitaha ya boti, mita 9 juu, huongezewa kilomita 8, wala hajui ni nani aliyemfanyia hisani. Tena maji ya chumvi ni kioo: wimbi moja hufika kwa njia yake, la pili hurudishwa na maji likiwa limepinduka, na mbali na mnara mawili hayo hudhoofishana, hata umbali ukizidi maradufu nguvu ikabaki sehemu moja ya kumi na sita.

Kisha ipo hewa yenyewe. Upepo mkavu wa joto utokao bara ukitanda juu ya maji yaliyopoa, unyevu hubaki chini na ukavu juu, na mawimbi hupindwa yakaufuata uso wa bahari. Ndivyo rada ya Bombay, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilivyoiona Arabuni kwa masafa yaliyofika maili 1,700.

Kwa sababu hiyo michoro ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano hupambanua bara, bahari ya joto na bahari ya baridi, wala haitoi jibu moja, bali huonyesha nguvu ipatikanayo kwa nusu ya wakati, kwa asilimia 10, na kwa asilimia 1. Hii kwangu ndiyo adabu ya ilimu. Ile asilimia 1 fundi mahiri hamwahidi mteja. Huitumia kujua ni mnara gani wa mbali utakaotiwa ghasia siku hewa itakapogeuka.

Na hata hesabu ikisadifu, mitambo ya GSM ina mpaka wake: jibu la simu iliyo zaidi ya kilomita 35 huufikia mnara likiwa limechelewa, hivyo mvuvi aliye kilomita 36 aweza kuona alama za mtandao zimesimama na simu isitoke, ila kama fundi alilikumbuka hilo mapema akaipa kila simu nafasi mbili za wakati badala ya moja, na kuridhia kwamba watakaozungumza kwa pamoja watapungua.