Joto, Halijoto na Asali ya Inyonga

Imetufikia mezani rasimu ya kijitabu cha kuwafunza warina asali wa Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi. Nia yake ni njema: kueleza kwa nini asali huganda wakati wa kipupwe na kuyeyuka tena ikipashwa moto. Mnunuzi asiyejua jambo hili hudhani imetiwa sukari, na mrina ndiye anayepoteza bei. Kwa hiyo hatuwezi kuinyamazia sentensi iliyo kiini cha rasimu hiyo: “Joto likiongezeka, usawa wa sukari na maji huvunjika.”

Kwanza, joto. Joto ni nishati inayoingia au kutoka. Kinachosomwa kwenye kipimajoto ni halijoto. Msomaji aweza kudhani kuwa tofauti hii ni ya wataalamu tu. Sivyo. Kanuni ya Le Chatelier, Mfaransa aliyeitangaza mwaka 1884, haisemeki bila maneno yote mawili: halijoto ikipanda, msawazo huelekea upande unaofyonza joto, ikishuka, huelekea upande unaotoa joto. Ukiiandika kwa neno joto pekee, utapata kitendawili. Mwalimu wa kemia naye hukwama papo hapo afundishapo amonia. Naitrojeni na haidrojeni zikiungana hutoa joto. Hivyo halijoto ikipandishwa, amonia iliyomo katika msawazo hupungua, ingawa mmenyuko wenyewe huenda kasi zaidi. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba “joto huongeza mmenyuko” hushangaa, na ana haki ya kushangaa.

Neno usawa lapotosha hata zaidi. Humpa mrina picha ya viasi viwili vilivyo sawa, ilhali maji ya asali ni kama sehemu moja tu kwa tano, au pungufu. Kinacholingana ni kasi: ile ya glukosi kujiunga na fuwele, na ile ya kuachana nazo. Twalipendelea neno msawazo. Wala msawazo hauvunjiki, husogea. (Kweli, huu ni msawazo wa myeyuko, si wa mmenyuko wa kemikali, lakini kanuni ni ile ile.)

Tena rasimu haina neno la kutenga mabadiliko yanayorejea na yasiyorejea. Yasema tu kwamba asali “huharibika kwa joto”. Asali ikichemshwa, fruktosi hupoteza maji na kuwa haidroksimethilifufurali, na hakuna kipupwe kitakachoirudisha. Kiwango cha Codex Alimentarius huruhusu miligramu 40 tu za kemikali hiyo kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za tropiki. Mrina anayeloweka chombo katika maji ya vuguvugu na yule anayekiteleka motoni hawafanyi jambo moja, na kijitabu hakina budi kusema hivyo.

Neno kuganda tungeliacha lilivyo. Baadhi ya wenzetu wangependa kufuwelika; lakini mrina akimwambia mnunuzi kwamba asali yake imefuwelika, atashukiwa maradufu.