Rafiki na Mabango ya Ukutani

Wengi wetu tuliitafuta Rafiki ya Wanuri Kahiu kwa sababu ya busu. Ndivyo marufuku hufanya. Bodi ya filamu iliifungia Aprili 2018 ikidai inaeneza usagaji, Septemba mahakama ikairuhusu kwa siku 7, na tiketi Nairobi zikaisha. Mabango ya kampeni yaliyojaa mtaani mle ndani ya filamu hatukuyaongelea.

Baba yake Kena na baba yake Ziki wanagombea kiti cha kaunti. Wanataka kuwa MCA, basi, na hapo ndipo hadithi ina makali, maana kwenye wadi dini na serikali hula sahani moja. Katiba, ibara ya 8, inasema hakuna dini ya taifa. Sawa. Lakini hebu shika fomu ya basari: nyingi zinataka muhuri wa chifu, na zingine zina nafasi ya kiongozi wa dini kukuthibitisha. Msichana aliyeombewa pepo limtoke mbele ya watu atapeleka wapi hiyo karatasi? (Mimi niliacha chuo, fomu hizo nazijua vizuri.)

Kahiu analigusa hili halafu analiacha. Pastor anahubiri dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, wasichana wameketi pale pale, nawe unahisi kwamba waumini wale ndio wapiga kura. Siri inapotoka, umati unawapiga. Mwaura anakataa bintiye abebeshwe lawama, ingawa huenda uamuzi huo ukamnyima kiti. Jimmy Gathu anaucheza uamuzi huo kwa upole, bila kelele, na ndiyo kazi yake nzuri zaidi humu. Ila gharama yenyewe hatuioni. Siasa inarudi kuwa pazia la nyuma, karatasi za rangi tu ukutani.

Pastor naye ni mtu wa kadibodi, hana hata punje ya shaka. Imani ya kweli iko kwa Mercy, mamake Kena. Mume amemwacha, ana mke mwingine mwenye mimba, na nadhani kanisa ndipo pekee alipobaki na jina. Nini Wacera anampa hofu ambayo ukiitazama vizuri huwezi kumchukia, hata anapompeleka mwanawe kuombewa. Mimi nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Watu wa haki wanaocheka waumini wangemtazama yeye kwanza.

Filamu ina dakika 83. Ningepunguza 5 kwenye zile nyimbo na rangi za waridi, tamu kweli lakini nyingi, nimrudishe Mwaura dukani kwake. Mama wa kanisani kwa Mercy aje kununua mkate, ahesabu chenji yake polepole, kisha amuulize kama bado anataka kura yake.