Stelingi Hafi: Fikra Chache juu ya Filamu za Mashujaa wa Ajabu

Liko neno ambalo kila kijana wa Afrika Mashariki aliyekulia karibu na kibanda cha video analijua: stelingi hafi. Stelingi ndiye mhusika mkuu, yule ambaye mtazamaji humtambua tangu dakika ya kwanza. Hata akipigwa risasi, akatupwa mtoni, akaangukiwa na ghorofa, hapana ashtukaye, maana wote wanajua atainuka. Neno hilo halikuwa lawama. Lilikuwa mapatano tu baina ya mtazamaji na filamu yake.

Nimelikumbuka kwa sababu ya swali nililoulizwa darasani. Nilikuwa nimewasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kisa cha Fumo Liyongo, hadi pale mwanawe amchomapo sindano ya shaba kitovuni. Nilipokwisha, nikangoja kile kimya ambacho mwalimu wa fasihi hukitamani. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono. "Samahani, Mwalimu, sehemu ya pili ipo?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Lakini jioni, nilipokuwa nikirudi nyumbani, swali lile halikunichekesha tena. Kijana yule hakufanya mzaha. Karibu kila hadithi aliyopata kuitazama ilikuwa na sehemu ya pili, na ya tatu, na ya nne.

Filamu alizozizoea ni zile za mashujaa wa ajabu zitengenezwazo Marekani: Spider-Man, Batman, Iron Man, Wolverine na wenzao. Hapa Uganda huonyeshwa katika kumbi za sinema za Kampala, na zaidi sana huonyeshwa vibandani, ambako mfasiri hushika kipaza sauti akazieleza kwa Kiganda, akitia mizaha na methali zake mwenyewe, kama DJ Afro alivyojipatia sifa kwa kufanya hivyo kwa Kiswahili nchini Kenya. (Mara nyingine ufafanuzi huo huwa mtamu kuliko filamu yenyewe, lakini hilo lahitaji makala yake.)

Lawama juu ya filamu hizi ni nyingi, nazo hazikuanzia kwetu. Mwaka 1929 hazikuwapo. Mwaka 1938 Superman alitokea kwa mara ya kwanza katika kijitabu cha picha kilichouzwa senti kumi, na tangu hapo wakubwa hawakuacha kulalamika. Katika siku zetu, mwongozaji mashuhuri Martin Scorsese alisema mwaka 2019 kwamba filamu za kampuni ya Marvel si sinema, akazifananisha na bustani za michezo na bembea. Naye Alan Moore, Mwingereza aliyejipatia jina kwa kuandika hadithi hizo hizo za picha, alieleza mwaka 2022 kwamba watu wazima kumiminika kutazama wahusika waliobuniwa kwa ajili ya wavulana wadogo ni dalili ya kukataa kukua. Kwa muhtasari, mashtaka ni mawili: kwanza, filamu hizi zimefuata kiolezo kimoja, pili, ni za kitoto.

Yatupasa sisi walimu tuyapime mashtaka haya kabla ya kuyaitikia, kwani tukiyakubali kama yalivyo, yatatuangukia wenyewe. Nani aliye na violezo vingi kuliko sisi?

Kwamba kiolezo kipo, hapana ubishi. Mtu wa kawaida hupata uwezo usio wa kawaida, hujikwaa kidogo, hupoteza mzee aliyemfunza, kisha hupambana na adui mwenye uwezo ule ule wa kwake. Katika Iron Man ya mwaka 2008, shujaa aliyevaa deraya ya chuma anapigana na adui aliyevaa deraya kubwa zaidi. Katika Ant-Man ya mwaka 2015, mtu anayeweza kusinyaa anapigana na mwingine anayeweza kusinyaa. Katika Black Panther ya mwaka 2018, mavazi mawili yanayofanana yanapambana mgodini. Mwisho majumba yanaanguka, na baada ya orodha ya majina tunaonyeshwa kipande kidogo cha kututamanisha filamu ijayo.

Walakini, tazama upande wetu. Sungura humshinda fisi, na kila msikilizaji analijua hilo kabla ya "Paukwa!" kuitikiwa "Pakawa!". Utenzi una vipande vinne katika kila ubeti, mizani minane katika kila kipande, na kina cha mwisho ni kimoja tangu mwanzo hata tamati; sijasikia mhakiki akiukataa utenzi kwa sababu hiyo. Liyongo ana mahali pamoja tu mwilini panapoweza kumuua, na Superman ana jiwe moja tu limdhoofishalo. Kanuni ni nguzo za nyumba. Hatumlaumu mwashi kwa kusimamisha nguzo, bali tunauliza ndani anakaa nani.

Shtaka la pili, la utoto, ni dhaifu zaidi, nami naliona kuwa ni dharau kwa watoto. Ngano ambazo bibi zetu walitusimulia zilikuwa na mazimwi yanayomeza vijiji, mama wa kambo wenye roho mbaya, na mayatima. Mtoto huweza kustahimili hadithi nzito sana. Anayeogopa ni mwenye duka.

Hapo ndipo penye kasoro yenyewe, kwa maoni yangu. Katika filamu hizi hapana kinacholipwa. Mtu hufa, nasi tunaombwa tulie. Kisha kifo hufutwa, nasi tunaombwa tushangilie. Na kilio chetu cha kwanza hatukurudishiwa. Si jambo geni: katika filamu ya Superman ya mwaka 1978, Lois Lane anafukiwa na ardhi, naye shujaa anaruka akaizunguka dunia hadi wakati ukarudi nyuma, mwanamke akawa hai. Lakini lililokuwa hila ya mara moja limekuwa desturi. Mwaka 2018, katika Avengers: Infinity War, nusu ya viumbe vyote waligeuka vumbi, Spider-Man akiwamo. Nakumbuka ukimya wa ukumbi. Kisha sauti ya kijana ikasema nyuma yangu, bila huzuni yoyote: "Watarudi tu." Hakuwa nabii. Alijua, kama wengi walivyojua, kwamba filamu nyingine ya Spider-Man ilikwisha pangwa. Mwaka uliofuata, katika Avengers: Endgame, wakarudi, na filamu hiyo ikaingiza karibu dola bilioni 2.8 duniani kote.

Kampuni ya Disney iliinunua Marvel mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4. Kilichonunuliwa hasa ni wahusika: sura zao, majina yao, mavazi yao, vinyago vyao madukani. Mhusika aliyenunuliwa kwa bei hiyo ni mali, na hapana tajiri azikaye mali yake. Mtunzi ajirishwaye kuandika juu ya mhusika huyo amekatazwa jambo moja tu, nalo ndilo ambalo kila mtunzi wa tanzia hulihitaji: kumaliza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Wolverine. Mwaka 2017 ilitoka filamu iitwayo Logan, nayo, nasema bila kusita, ni kazi ya fasihi. Shujaa amezeeka, majeraha yake hayaponi upesi kama zamani, anamuuguza mzee wake aliyepotewa na akili, anakunywa kupita kiasi. Anaangukiwa na mtoto wa kike ambaye hakumtaka, na mwishoni anakufa kwa ajili yake msituni. Watoto wanamzika chini ya mawe. Yule msichana anaung'oa msalaba wa kaburi, anaulaza upande ukawa kama herufi X, kisha anaondoka. Ngumi zilikuwamo, kanuni zote zilikuwamo, lakini kulikuwa na mtu aliyelipa. Niliwaona watu wazima wakijifuta machozi.

Mwaka 2024 ikatoka Deadpool & Wolverine. Inaanza kwenye kaburi lile lile. Deadpool analifukua, akitafuta kama mwenziwe yu hai; anakuta mifupa mitupu. Kisha anaishika mifupa ile akaifanya silaha, akawaua askari kwayo, muziki wa dansi ukipigwa. Baadaye anatafutwa Wolverine mwingine kutoka ulimwengu sambamba, mwenye sura ile ile na mwigizaji yule yule, na biashara ikaendelea. Watu walicheka sana, na filamu ikapita dola bilioni moja. Nakiri kwamba mzaha huo una ukweli wa aina yake: filamu inajifanyia dhihaka yenyewe kwa kuwa inajua inachokifanya. Lakini mtu akiuona wizi na akautangaza kwa kicheko huku akiendelea kubeba mzigo, je, ameacha kuwa mwizi?

Sasa turudi Lamu. Katika utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, Liyongo anaambiwa na mwanawe amweleze kitu kiwezacho kumuua. Baba anatambua kwamba kijana ametumwa, anamwonya kwamba waliomtuma watamhadaa, na bado anamwambia. Hapo tayari amelipa. Kisha anachomwa usingizini. Anaamka, anachukua uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti, anaupinda uta na kufa katika hali hiyo hiyo. Watu wa mji wanamwona, wasijue kwamba ni maiti; wanaogopa kuteka maji siku kadhaa; hata mama yake anaombwa akambembeleze. Mji mzima una kiu kwa sababu ya kifo kimoja. Mwishoni mwili unaanguka. Mwana hapewi alichoahidiwa, naye anakufa kwa maradhi. Hakuna hata mmoja katika utendi huo aliyetoka na faida.

Msomaji anaweza kunipinga akisema kwamba hata katika tendi zetu wafu hufufuliwa. Ni kweli, na mfano mzuri tunao kwa jirani zetu Wanyanga wa mashariki ya Kongo. Katika utendi wa Mwindo, uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, shujaa huyo aliyezaliwa akiwa anatembea na kusema anawafufua watu wa kijiji kizima kwa usinga wake. Lakini utendi haukomei hapo. Mwindo anajivuna mno. Anaua joka ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, yaani radi. Naye Nkuba anamchukua hadi mbinguni kwa mwaka mzima, anapigwa na mvua na jua, na anarudi akiwa mtu mnyenyekevu aliyekatazwa kuua wanyama. Kwa hiyo, si ufufuo nilaumuo. Aliyeweza kufufua wengine alifundishwa kuwa yeye mwenyewe ni mdogo. Iko filamu gani ya siku hizi ambamo shujaa ananyang'anywa fahari yake, asirudishiwe?

Ipo moja, na ilitokea kwa msiba. Black Panther ya mwaka 2018 ilipendwa sana kwetu, na sababu nyingine ni kwamba tuliwaona wa kwetu: Lupita Nyong'o wa Kenya, na Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala. Lugha iliyosemwa na watu wa Wakanda ilikuwa Kixhosa. Ndani yake Killmonger, adui, anapewa nafasi ya kutibiwa jeraha lake naye anakataa, akichagua kifo kuliko kifungo. Ni mmoja wa wachache katika filamu hizi aliyejua bei ya maneno yake. Kisha tarehe 28 Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme T'Challa, akafariki kwa saratani. Waongozi wakaamua wasimtafute mwigizaji mwingine. Wakanda Forever ya mwaka 2022 inaanza na dada yake mfalme, Shuri, mjuzi kuliko wote katika nchi yenye elimu kuliko zote, akihangaika maabarani. Na elimu yake yote inashindwa. Halafu tunaona mazishi, watu wamevaa nyeupe.

Filamu hiyo ina kasoro. Vita vyake vya baharini ni virefu na ni vya kiolezo kile kile. Lakini dakika zake za mwanzo zina uzito ambao filamu nyingine za kampuni hiyo hazina, kwa kuwa kwa mara moja mwenye duka alishindwa kufuta. Mwishoni anatokea mtoto wa marehemu, aliyelelewa Haiti, naye jina lake ni T'Challa. Baadhi ya wahakiki waliona kwamba hiyo ni hila nyingine ya kumrudisha shujaa. Mimi siioni hivyo. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, wala hapana adhaniye kwamba babu amefufuka.

Yule mwanafunzi wangu sikumjibu siku ile. Wiki iliyofuata niliwaagiza wote waandike hiyo sehemu ya pili ya kisa cha Liyongo. Wengi walimfufua. Mmoja alimleta daktari aliyeitoa sindano kwa upasuaji. Mwingine alimpa Liyongo deraya ya shaba, ili shaba isimdhuru tena, nami nikampa alama kwa ubunifu. Kijana aliyeuliza swali aliandika ukurasa mmoja tu. Katika insha yake Liyongo harudi. Mama yake anakwenda kisimani alfajiri, anakuta mahali pale magoti ya mwanawe yaliposhindilia udongo, anaweka mtungi kando ya pale, si juu yake, anateka maji. Makosa ya ngeli yalikuwa mengi. Niliyasahihisha kwa penseli.