Kanda la Usufi

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msemo huu niliwafundisha watoto kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe sikuuelewa. Acha nikusimulie, msomaji wangu, jinsi Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ilivyonifunza.

Mwaka 1988 niliwachukua wanafunzi wa darasa la saba kutoka Salale kwenda kuiona Dar es Salaam. Tulipanda mashua hadi Nyamisati, kisha lori mpaka barabara ya Kilwa. Tukaliona Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania, yote mawili ya zama za Wajerumani. Tukapita Kisutu penye mahekalu ya Wahindi. Katika nyumba hizo za ibada sikuwa na haja ya kueleza mengi. Kengele zililia, viatu vilikuwa vimepangwa mlangoni, watu waliingia na kutoka. Jengo linalotumika hujieleza lenyewe.

Sanamu haiko hivyo. Imesimama katikati ya Barabara ya Samora, magari yakiizunguka, nayo husema kile tu ambacho mwalimu anaisemea. Mimi niliisemea nilichofundishwa chuoni: kwamba ilizinduliwa mwaka 1927, kwamba ni ukumbusho wa Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba singe yake imeelekea bandarini. Kisha nikawaagiza waandike insha juu ya ushujaa.

Msichana mmoja aliandika sentensi chache tu. Alisema ameiona bunduki, lakini aliyebeba mzigo hakumwona. Nikampigia mstari mwekundu: nje ya mada.

Sasa niihukumu kazi yenyewe kwa haki. Mchongaji, James Alexander Stevenson, alikuwa fundi. Askari wake ameinamia mbele, tayari kwa pambano. Hana madaha ya gwaride. Ni Mwafrika kweli, wala hakupigishwa magoti mbele ya mtu. Kwa ukumbusho wa zama za ukoloni, hilo si jambo dogo. Kosa halimo katika shaba, limo katika uchaguzi. Maneno ya chini, kwa Kiswahili na Kiingereza, na pia kwa herufi za Kiarabu, yanawataja wapagazi pamoja na askari, na kukiri kwamba ndio waliolibeba jeshi. Lakini aliyepandishwa juu ni mmoja, mwenye bunduki. Wala haikuwa lazima iwe hivyo, kwa kuwa katika ukumbusho wa Nairobi mchongaji huyo huyo alimsimamisha mpagazi bega kwa bega na askari.

Kwetu Salale jambo hili si la vitabuni. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza hapo Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikuja kujificha katika mikono ya mto Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 manowari za Severn na Mersey ziliimaliza. Mizinga yake 10 ikatolewa matopeni, ikapelekwa kupigana nchi kavu. Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliovuta kamba. Alinionyesha kovu begani, nami nikiwa mtoto nililiona kama kovu la jembe au la kasia. Mzinga mmoja leo umetunzwa Ngome ya Yesu, Mombasa, na watalii wanapigwa picha nao. Waliouvuta hawana hata orodha ya majina. Upande wa Waingereza peke yake, wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba wapagazi waliokufa walifika 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Nilipostaafu nilirudi kuisoma ile sanamu, safari hii polepole, kuanzia chini kwenda juu. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule msichana. Yeye aliona kwa siku moja nisichokiona mimi kwa miaka 20, tena mimi ndiye niliyekuwa na babu mwenye kovu.

Kutoka hapo nilikwenda kwa miguu hadi Kariakoo. Jina hilo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliopiga kambi hapo wakati wa vita. Soko kubwa alilolisanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, lakini jina halikuungua. Kila siku vijana wanapita na magunia mabegani wakipiga kelele, ‘Mzigo! Mzigo!’ Kwa maoni yangu huo ndio ukumbusho wa mpagazi, nao hujieleza wenyewe kama kanisa lenye waumini, mradi tu mtu awaambie watoto jina limetoka wapi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu: mkiwapeleka watoto kwenye Sanamu ya Askari, msiishie pale. Wasomeeni maneno ya chini, kisha muwafikishe Kariakoo. Na yule msichana, ambaye sasa ni mtu mzima, ikiwa kitabu hiki kitamfikia, ajue kwamba insha yake ilikuwa ndani ya mada. Mwalimu ndiye aliyekuwa nje.