Kwa Nini Tunamkumbuka Mkwaju

Sisi vijana tunaoandika hapa Bariadi tukitajiwa michezo ya redio ya zamani huwa tunacheka. Mambo ya wazee hayo! Mimi nacheka kidogo siku hizi. Miezi hii nimekuwa nikiitafuta mtandaoni, vifurushi vinaisha na pamba bado haijauzwa, lakini nasema wazi: kwa mtu anayetaka kutunga riwaya, darasa lile ni la bure.

Chukua Twende na Wakati. Ulianza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam Julai 1993, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Wakati huo sijazaliwa, na hata Simiyu haijazaliwa. Tulikuwa Shinyanga mpaka 2012. Mchezo ulikuwa na kazi maalumu: kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Mbinu yake ilitoka mbali, Mexico, kwa mtu wa michezo ya televisheni aitwaye Miguel Sabido. Weka mwema, weka mwovu, katikati weka wanaoyumba, halafu kila mmoja avune alichopanda. Ukiisoma mbinu hiyo kwenye karatasi unapiga miayo. Hotuba tupu.

Kilichouokoa ni Mkwaju. Dereva wa lori, ana mke wake Tunu, na bado ana wanawake wengine huko safarini. Kwetu huyu hakuwa mgeni. Nenda Lamadi, pale barabara ya Bariadi inapokutana na ile ya Mwanza kwenda Musoma, uone malori. Kila mtaa ulikuwa na Mkwaju wake. Mwisho UKIMWI unamwondoa, na Tunu, ambaye alianza kama mke wa kuvumilia tu, anaanzisha biashara yake ndogo na kumwacha bwana.

Utasema: sasa kipya kiko wapi, si mwovu kaadhibiwa? Subiri kwanza. Mchezo ulikwenda wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka, kwa hiyo adhabu haikuja mbio. Mkwaju alipewa nafasi ya kuishi. Ukapata muda wa kumzoea, na mtu uliyemzoea akianza kuugua huwezi kusema tu "alijitakia" ukaenda kulala. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, mpaka leo akimteta mume wa mtu hasemi maneno mengi: "Mkwaju yule." Nilimwomba anitajie mtu mwema hata mmoja wa mchezo ule. Akakuna kichwa.

Mpaka 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo, makusudi, ili watafiti wapime tofauti kati ya waliousikia na wasiousikia. Tofauti waliiona. Sawa, hizo ni hesabu za wataalamu. Swali langu ni la mtunzi: bila yule dereva wangepima nini?

Wapo wanaodai kwamba watu walisikiliza kwa sababu redio ilikuwa moja tu, maana Radio One ilikuja 1994. Sikubali. Betri zilikuwa hela. Mzee wa Kisukuma akiona maneno hayana ladha alizima, akatunza betri zake kwa taarifa ya habari. Na sisi huku tunaijua hukumu hiyo kutoka kwenye ngoma. Wagika na Wagalu wakishindana uwanja mmoja, mshindi ni yule aliyevuta watu. Watu wakikuhama umeshindwa, bwana, hata kama nyimbo zako zimejaa mafunzo.

Pwagu na Pwaguzi ni wa zamani zaidi, na kwangu ni watamu zaidi. Matapeli wawili, jina limetoka kwenye methali, basi. Humo nimejifunza sikio. Kila sauti ina mwendo wake, huhitaji kuambiwa nani anasema. Ewe mtunzi mwenzangu, chukua hadithi yako, futa kila "alisema Juma" na "alijibu Asha", kisha msomee mdogo wako. Akichanganyikiwa, rudi mezani. Simulizi nyingi tunazotumiana kwenye simu zingeanguka hapo hapo: bibi, jambazi na mchungaji wote wanaongea kama mwandishi aliyemaliza kidato cha nne.

Kinachoniuma ni hivi vipande vya mtandaoni vyenyewe. Kimoja nilichokipata kimekatwa kichwa na miguu. Jina la aliyekiweka limo, namba yake ya biashara imo, hata tangazo lake kalichomeka katikati ya mazungumzo. Jina la mtunzi hakuna. Mtu alikaa usiku akiyatafuta maneno yale, leo hatumjui.

Kwa hiyo msomaji, kama kwenu kuna kaseti za michezo ile, usirekodi Bongo Fleva juu yake. Sikiliza mwanzo na mwisho, pale mtangazaji anapotaja majina. Yaandike, uyatume kwa mhariri.